Uduvi Katika Kioo cha Kombaini

Nilikuwa juu ya paa la duka la mtu hapa Katesh, nikifunga mfereji wa kukinga maji ya mvua, simu ilipoita mfukoni. Namba sikuifahamu. Sauti ya mwanamke ikaniamkia, nikaitikia, kisha akauliza, "Samahani, baba, ninaongea na Dani wa uduvi?" Nikaketi palepale juu ya bati, nyundo mapajani. Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu ujana wangu, na aliyenipa alikuwa mtu mmoja tu. Mwanamke akasema anaitwa Zuhura, anapiga kutoka Pangani, yeye ni binti wa Bi Sihaba. Namba yangu ameitafuta kwa siku sita, mpaka watu wa parokia ya Tlawi wakamsaidia. Hakuhitaji kuendelea. Mtu hatafutwi kwa siku sita ili asalimiwe. "Mama ametutoka," akasema. "Aliacha neno kwamba ukipatikana, uambiwe." Mwenye duka alikuwa chini ananiuliza kama nimemaliza, nami nikamwambia bado, ingawa msumari wa mwisho ulikuwa umeshaingia. Yale mengine aliyoniambia Zuhura siku ile nitayaandika mwishoni, kwa sababu hayaeleweki bila mwaka wenyewe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miezi minne. Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa nimechoma mkaa, nimekuwa utingo wa lori, nimeuza chumvi mnadani, na kila mahali nilikuwa naondoka siku nilipohisi nimeshajua kila kitu cha pale. Nikashuka kwenye shamba la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang, wakati matrekta yanalima. Nilikuwa sijaona ukubwa wa namna ile. Ukisimama juu ya trekta uliona shamba mpaka macho yachoke, na upepo ulikuwa unakuja kutoka upande wa pili bila kukutana na mti hata mmoja. Karakana walikuwa wanataka mtu wa kuosha vipuri kwa dizeli, nikapewa kazi, na kitanda katika chumba cha mabati pamoja na kijana mmoja wa Tlawi aitwaye Hhando, ambaye alikuwa mchomeleaji. Kitanda chenyewe kilikuwa mbao za makasha ya vipuri. Chumba kilinuka dizeli, na sisi tulinuka dizeli, hata ngano tuliyochemsha na maharage jioni ilikuwa na harufu hiyo, na mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nasikia njaa.

Hhando alikuwa mtu wa maneno machache, lakini yale machache alikuwa anayanoa kwanza. "Wewe Dani," aliniuliza usiku wa kwanza, "ukifa tutakuzika wapi? Naona huna kwenu." Nikamwambia wanizike barabarani. Akafikiri, akageukia ukuta, akasema, "Barabarani greda litakufukua." Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Pasaka akanichukua kwao. Mama yake alitupa ugali na maziwa mgando, akanitazama nilivyokula, akamwambia mwanawe kwa lugha yao kitu kilichomchekesha. Kesho yake akatutuma chemchemini. Chemchemi yao ilikuwa chini ya miti kwenye kibonde, maji yake safi kiasi kwamba nilidhani ni mafupi, nikatumbukiza mkono nikalowa mpaka kwapani. Ndipo nikawaona. Kwenye mizizi iliyoning'inia majini kulikuwa na vitu vinatembea, vidogo kama punje mbili za ngano zilizounganishwa, vyenye miguu mingi na ndevu ndefu, na miili yake ilikuwa kama kioo. Niliona chakula kikishuka ndani ya mmoja wao. Niliona kitu kinapigapiga nyuma ya kichwa, nikajua ni moyo. Nililala kifudifudi pale mpaka Hhando akaja kuangalia kama nimezama.

Nikakimbilia nyumbani kuchukua sufuria. Mama Hhando akaninyang'anya mlangoni. "Chuma hakiingii kwenye chemchemi yetu," alisema kwa Kiswahili cha polepole, ili nielewe. "Maji yanakasirika. Chukua kibuyu." Nikamuuliza maji yanakasirikaje. Akasema, "Yanaondoka." Nikacheka kidogo, kwa heshima, kama kijana anayejua injini. Nikachukua kibuyu, nikakamata kama ishirini, na siku mbili nzima za kurudi, kwa miguu na kwa lori, nilikipakata kibuyu kile kama mtu aliyepakata mtoto.

Kule shambani nilikwenda moja kwa moja zahanati, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna mashine ya kukuza vitu. Mwenye mashine alikuwa Bi Sihaba, mpima damu, mwanamke wa pwani wa miaka hamsini hivi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na juu ya khanga zake mbili alivaa koti zito la kijeshi ambalo hakuna aliyejua alilitoa wapi. Baridi ya Hanang alikuwa ameitangazia vita tangu siku aliyohamishiwa. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa, akasema kikopo cha choo kikubwa kiko dirishani.

"Sijaja kupima, mama. Nimeleta wadudu."

"Wadudu ninao wa kutosha," akasema, lakini akachungulia ndani ya kibuyu. Akakisogeza dirishani. Akachungulia tena, karibu sana, pua inagusa maji. Kisha akapiga kelele mpaka mganga akatoka chumba cha pili. "Uduvi! Njooni mwone! Uduvi mlimani, kwenye baridi hii ya kuua mtu! Nyie mmekuja kufanya nini huku, wenzangu?" Akacheka, akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Akaniambia kwao uduvi ni wa baharini, wanaanikwa juani, wanapikwa kwa nazi, na hakuna siku aliyofikiri watu wanaweza kuwafuga. "Wewe unaitwa nani?" Nikamwambia. "Basi wewe ni Dani wa uduvi. Ukiwaacha wafe nitakuchoma sindano ya maji."

Tangi tulilitengeneza wenyewe. Nyuma ya karakana kulikuwa na kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, iliyopinduka mtaroni misimu miwili kabla, na vioo vyake vya pembeni, vilivyo bapa, vilikuwa vizima. Seremala akatukatia vipande vitano. Hhando akachomelea fremu ya chuma, tukakandika puti ya madirisha kwenye viungo. "Mama akisikia umewazungushia chuma," Hhando alisema, "hutakula tena kwetu." Nikamwonyesha kwamba chuma kiko nje, maji hayakigusi. Likavuja siku tatu. Lilipoacha kuvuja nikataka kuwamimina uduvi mara moja, Bi Sihaba akakataa. Aliwaweka kwenye chungu chenye maji ya chemchemi, na tangi akaamuru lijazwe maji ya kisima, limwagwe, lijazwe tena, mpaka harufu ya puti iishe, kisha litiwe mchanga, mizizi na majani makavu, likae tu dirishani pa maabara. "Likae mpaka lini?" "Mpaka kioo kiote utelezi wa kijani. Huo ndio ugali wao. Unataka kuwahamishia wageni kwenye nyumba isiyo na jiko?"

Mimi niliyekuwa sijawahi kungoja kitu, nikangoja wiki tatu nikitazama maji matupu yakigeuka rangi. Tulipowaingiza walitawanyika kwenye kijani kile wakaanza kula kwa mikono yote, wanachukua na kupeleka mdomoni, wanachukua na kupeleka, kama akina mama wanaochambua mchele. Nikawahurumia, nikawaongezea uji wa ngano, maji yakanuka kesho yake. Nikatukanwa. Nikajifunza kutoa maji vikombe viwili tu kwa wakati na kurudisha yaliyolala usiku kucha ndooni, na kwamba mkono ulioshika sabuni au dizeli hauingii humo. Wakajivua magamba yao, nami nikalia nikidhani wamekufa, kumbe ni nguo. Kisha jike mmoja akaonekana amebeba mayai chini ya tumbo, rundo la kijani, anayapepea kwa miguu yake usiku na mchana. Baada ya siku tisa mayai hayakuwepo. Jike wa pili vilevile.

"Unawagongea kioo," Bi Sihaba alisema.

"Kidogo tu, mama. Nataka nione kama—"

"Ungekuwa wewe una mimba, mtu anakugongea ukuta kila saa, ungezaa?"

Kila nilipotoka kazini nilikuwa naoga na kwenda maabara. Alinifundisha kutumia hadubini. Aliweka slaidi, akazungusha vifundo, akanipisha kiti. "Unaona nini?" Nilikuwa nasema naona mdudu. "Sikukuuliza ni nini. Unaona nini?" Basi nikajifunza kusema: naona duara, lina rangi ya zambarau upande mmoja, lina kitone ndani. Ndipo yeye alikuwa anakubali au kukataa. "Sema ulichokiona," alikuwa akinirudia, "siyo ulichokitamani." Nilijivuna. Nilidhani nafundishwa kwa sababu nina akili.

Nilijua ukweli kwa kusikiliza yasiyonihusu. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya dirisha nje, nachota kwenye ndoo maji ya tangi, ndani mganga anaongea taratibu. "Bi Sihaba, mtu wa kuja badala yako atachukua mwaka mzima kufika. Andika tu majibu. Zile slaidi ngumu unaziacha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua." "Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina ukungu, na ukungu haupungui. Nikiandika hakuna vijidudu kwa sababu mimi siwaoni, mtoto wa mtu atakufa ameshika karatasi yangu. Nimeshaandika barua. Mavuno yakiisha nakwenda kwetu."

Nikaelewa kwa nini pua yake iligusa maji ya kibuyu. Nikaelewa na yale maswali ya unaona nini: kumbe hakuwa akiwasomea wagonjwa kwa macho yangu, slaidi zile zilikuwa za zamani za kujifunzia, alikuwa akiipima nuru ya macho yake mwenyewe, akilinganisha nilichosema mimi na anachokiona yeye, na kila wiki nuru hiyo ilikuwa inapungua. Jioni ile sikumwambia kwamba nimesikia. Yeye ndiye aliyesema, akiwa ameinamia tangi. "Miaka ishirini na tano nimetazama kwenye mashine hii vitu vinavyoua watu. Kabla sijaondoka nataka nitazame kitu kimoja kinachozaliwa. Kitoto cha uduvi kitakuwa kikubwa kuliko kijidudu cha malaria. Hicho labda nitakiona." Nikamwambia atakiona. Nilimwahidi kabisa, na katika maisha yangu yote hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza kunizuia kupanda lori.

Sasa nafika mahali ambapo bado naona haya. Kuchota maji kwa kikombe kulinichosha, na mimi ni mtu wa karakana. Nikapata bomba la shaba, lile jembamba la kupitishia dizeli kwenye trekta bovu. Nikalisafisha kwa mchanga mpaka likang'aa kama bangili, nikalikunja vizuri, nikaliingiza tangini ili maji yaingie matone kwa matone kutoka kwenye ndoo iliyo juu. Lilikuwa zuri. Watu wa karakana walikuja kuliangalia, fundi mkuu akasema kijana huyu asipotoroka atafika mbali. Siku ya pili uduvi waliacha kula. Siku ya tatu asubuhi walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga, miili iliyokuwa kama kioo imekuwa myeupe kama maziwa. Kati ya wote walibaki watatu wanaojivuta. Mmoja wa hao alikuwa jike, na chini ya tumbo lake kulikuwa na mayai.

Bi Sihaba aliniuliza kimetokea nini. Nikasema ni baridi.

Hakubishana. Alikunja mkono wa koti, akaingiza vidole majini, akapapasa pembeni mpaka akaligusa bomba. Akalifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kisha akakitia kidole mdomoni, akatema. "Shaba," akasema. "Nilipokuwa msichana kazini tulikuwa tunaua konokono wa kichocho kwa chumvi ya shaba. Tunamwaga bwawani, kesho yake konokono wamekwisha, na kila chenye gamba kimekwisha." Akajipangusa mkono. "Haya, Dani. Sema ulichokiona."

Nikasema. Nilisema nimeweka bomba kwa sababu lilikuwa linapendeza, kwamba mama Hhando alinionya kuhusu chuma nikacheka, na kwamba baridi nimeitunga. Nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye ndevu. Akaniacha nimalize. "Ninyi watu wa karakana," akasema, "mnapenda kinachong'aa. Toa hilo dude. Lete maji yaliyolala."

Tuliwahamisha wale watatu kwenye chupa pana ya maabara, maji mapya kidogo kidogo kila saa, kwa kibuyu. Wawili walikufa. Jike akabaki. Kombaini zilikuwa zimeingia shambani, vumbi la ngano limetanda kila mahali, na ule ndio wakati wa baridi kali kuliko yote kule. Mayai ya uduvi kwenye baridi hayana haraka. Gari la kumchukua Bi Sihaba mpaka Katesh lilikuwa limepangwa Jumamosi. Jumatatu mayai yalikuwa bado kijani. Jumanne Bi Sihaba akavua koti lake la kijeshi, akaifunika chupa nalo usiku kucha, na akaisogeza kwenye ukuta ambao upande wake wa pili kulikuwa na moto wa jiko la zahanati. Yeye akatembea na khanga zake mbili, meno yanagongana, na mtu akimuuliza koti liko wapi anajibu, "Nimemwazima mzazi." Hhando, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha moyo, alimletea blanketi lake la kitandani. Alhamisi mayai yakawa ya kahawia, na katika kila moja, nikitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona vitone viwili vyeusi.

"Ni nini hivyo?" Hhando aliniuliza.

"Naona vitone viwili vyeusi," nikasema. Bi Sihaba akacheka kutoka kwenye kiti chake.

Jumamosi, jua lilipokuwa linatoka, niliondoa koti juu ya chupa. Maji yalikuwa na vumbi, na vumbi lilikuwa linaruka. Nilipiga kelele ambayo, Hhando aliniambia baadaye, ilisikika mpaka karakana. Gari lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, mizigo ya Bi Sihaba iko juu, mganga na wauguzi wamesimama kumuaga. Nikafyonza kitoto kimoja kwa mrija wa kudondoshea, ule wenye mpira kichwani, nikadondosha tone kwenye slaidi, nikaiweka chini ya hadubini. Bi Sihaba akaketi kwenye kiti chake kwa mara ya mwisho. Akasogeza jicho la kulia. Akazungusha kifundo, mbele, nyuma, mbele. Honi ikalia. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka kifua kinauma.

"Naona macho," akasema taratibu. "Mawili, makubwa kuliko kichwa. Naona mkia, umekaa kama upepeo. Naona moyo, Dani. Unakwenda mbio, kama mtoto aliyetumwa dukani." Akainuka, akanishika uso kwa mikono miwili iliyokuwa baridi kama maji, akasema, "Ahsante, mwanangu. Baki salama." Akavaa koti lake. Gari likaondoka na vumbi lake.

Nikarudi ndani ili nami nikitazame kitoto kabla tone halijakauka. Niliinama kwenye hadubini. Hapakuwa na kitu. Maji tu, na mkwaruzo wa zamani wa kioo. Nikageuza slaidi huku na huku. Kisha nikauinua mrija juu ya mwanga wa dirisha, na kumbe kitoto kilikuwa humo, kimeng'ang'ania shingoni mwa mrija, kinarusha miguu. Hakikuwahi kudondoka.

Nilikirudisha chupani kwa mama yake. Kati ya wale vitoto walikua kama kumi na wawili, na nilibaki shambani mpaka walipokua, kisha nikawapeleka Tlawi kwa kibuyu, nikawamimina kwenye mizizi ileile, mama Hhando amesimama juu yangu kuhakikisha sina chuma hata mfukoni. Tangu hapo nimezunguka, lakini nimezunguka karibu. Nimechimba visima Gehandu, nimetengeneza pampu, nimefunga mifereji. Kila kazi inayohusu maji naijua kidogo. Na miaka yote hiyo nilikuwa na siri yangu, kwamba Bi Sihaba, mtu asiyewahi kuandika asichokiona, alidanganya siku moja kwa ajili yangu, na kwamba mimi nilimwacha aende bila kumwambia slaidi ilikuwa tupu. Nilidhani namhifadhia heshima yake. Barua sikumwandikia. Ningeandika nini?

Sasa yale ya Zuhura. Alisema mama yake aliishi vizuri, alipofuka kabisa miaka michache baada ya kurudi, akawa anawasimulia wajukuu habari za uduvi wa mlimani mpaka wakazijua kwa moyo. Ila siku za mwisho alimwambia yeye peke yake jambo lingine. "Alisema, 'Maisha yangu yote nimetoa jibu moja la uongo. Sikuona kitu siku ile. Ukungu mtupu. Lakini nilimsikia yule kijana amebana pumzi, nikajua nikisema sioni, hatasahau mpaka kufa kwamba aliwaua wale wengine.' Akasema tukupate, tukuombe radhi. Limemsumbua sana, baba. Alikuwa anasema, jicho la kulia lilikuwa limeshakufa na mimi sikutaka kukubali."

Nikiwa pale juu ya bati nikamwambia Zuhura jinsi nilivyourudia mrija, na kitoto kilipokuwa. Nikamweleza mara mbili, kwa sababu upepo wa huku unachukua maneno. Nikasikia anacheka, kisha siyo kucheka.

"Kwa hiyo hapakuwa na kitu pale," akasema.

"Hapakuwa na kitu."

"Basi mama alisoma sawasawa."

Nikamwambia ndiyo. Slaidi ya mwisho aliisoma sawasawa. Kisha nikashuka kwenye ngazi, mwenye duka akarusha maji ya ndoo juu ya bati kuujaribu mfereji, na tukasimama pamoja kuangalia kama unavuja.